Holi, feti ya rangi ya Wahindu: namna inafanyika, na wale wenye walizuiwa kuicheza

Wengi wetu hapa mashariki tuliona Holi mara ya kwanza katika filme. Katika Sholay, filme ya Kihindi ya mwaka 1975 yenye ilizunguka dunia, kijiji kizima kinacheza, poda nyekundu inaruka juu, ngoma zinalia, kisha majambazi wanafika na bunduki. Mutu wa Kivu ao wa Ituri anaangalia ile picha na anaelewa mara moja, hata kama hasikii luga. Lakini filme haielezi ile poda ni ya nini, na juu ya nini siku hiyo mutu anaruhusiwa kupaka uso wa jirani, wa mukubwa wake wa kazi, hata wa mutu mwenye hamujui. Na haielezi kama kuko wenye walikuwa wanakatazwa kugusa hiyo poda maisha yao yote.

Holi ni sikukuu ya Wahindu ya wakati baridi inaisha. Sisi tunajua majira ya mvua na majira ya jua. Kaskazini ya India, mwezi wa 12 na mwezi wa 1 kuko baridi ya kweli, na ukungu mzito wenye unasimamisha treni na ndege. Mwezi wa 2 na wa 3 jua linarudi, maua ya njano ya haradali yamejaa mashamba, na ngano yenye ilipandwa mbele ya baridi inaanza kukomaa. Mulimaji anaona kama mavuno iko karibu. Ndiyo wakati wa Holi.

Tarehe haiko moja kila mwaka. Kalenda ya Wahindu inafuata mwezi wa angani, na Holi inaangukia wakati mwezi umejaa katika mwezi wenye wanaita Phalgun. Mwaka 2024 siku ya rangi ilikuwa tarehe 25 mwezi wa 3, mwaka 2025 ilikuwa tarehe 14, na mwaka 2026 tarehe 4. Tunajua kama Ramadani ya Waislamu inatembea katika majira yote ya mwaka, sababu nayo inafuata mwezi. Holi haitembei hivyo. Karibu kila miaka 3, Wahindu wanaongeza mwezi muzima katika kalenda yao, kusudi sikukuu zisitoke katika majira yake. Kwa hiyo Holi inarukaruka kati ya mwisho wa mwezi wa 2 na mwisho wa mwezi wa 3, lakini haipiti hapo.

Kwanza moto

Feti inaanza usiku, kwa moto. Siku nyingi mbele, vijana wa kila mutaa wanakusanya kuni, matawi makavu, viti vyenye vimevunjika, na wanavipanga fasi moja, mara nyingi penye njia zinakutana. Katika vijiji vingi, mwenye kuacha kuni zake inje wiki ile anajua kama anaweza kuamka asizione, na hakuna wa kushitaki. Mangaribi, kisha jua kushuka, kuhani ao muzee anaomba, na moto unawashwa. Watu wanauzunguka. Wanatupa ndani nafaka na nazi, na wanachoma masuke mapya ya ngano na dengu zenye hazijakauka, kisha wanazigawa na kuzikula. Ni kama kuonja mavuno mbele ya kuvuna. Asubui, wengine wanachukua majivu kidogo na kujipaka kwenye paji la uso.

Moto huo unaitwa Holika Dahan, maana yake kuchomwa kwa Holika. Watoto wanahadisiwa hivi. Kulikuwa mufalme mubaya, Hiranyakashipu, mwenye alipata ahadi kutoka kwa mungu Brahma: hatauawa na mutu wala na munyama, ndani ya nyumba wala inje, muchana wala usiku, chini wala juu, wala kwa silaha. Akajiona kuwa hawezi kufa, akalazimisha watu wamuabudu yeye. Lakini mutoto wake mwenyewe, Prahlad, akaendelea kumuomba Vishnu. Baba akajaribu kumuua kwa njia nyingi, akashindwa. Mwishowe akaita dada yake, Holika, mwenye alikuwa na kinga ya moto. Shangazi akakaa katikati ya moto na kumupakata mutoto. Kinga ikamuacha yeye, akaungua, na Prahlad akatoka muzima.

Hadisi haiishi pale, na mwisho wake ndio unapendeza wenye wanapenda mafumbo. Vishnu alikuja katika umbo la Narasimha, nusu mutu nusu simba, basi hakuwa mutu wala munyama. Alimukamata mufalme kwenye kizingiti cha mulango, fasi yenye haiko ndani wala inje. Ilikuwa jua likishuka, wakati wenye hauko muchana wala usiku. Akamulaza juu ya mapaja yake, fasi yenye haiko chini wala juu, na akamupasua kwa makucha, yenye haiko silaha.

Kisha rangi

Asubui yake hakuna kazi. Ni siku ya mapumziko karibu kila fasi kaskazini ya India. Watu wanavaa nguo za zamani, zaidi sana nyeupe, sababu zitaharibika. Wenye akili wanajipaka kwanza mafuta ya haradali ao ya nazi kwenye ngozi na kwenye nywele, kusudi rangi isishike sana. Watoto ndio wanatangulia inje. Wako na pichkari, bomba ndogo ya kurusha mayi ya rangi, na vifuko vya plastiki vyenye vimejazwa mayi, vyenye wanatupa kutoka juu ya nyumba. Wakubwa wanatumia zaidi gulal, poda kavu ya waridi, ya njano, ya kijani, ya zambarau. Unachukua kidogo kwenye vidole, unapaka mashavu ya mwenzako, naye anapaka yako, munakumbatiana. Kisha munaenda mulango wa pili, na kundi linazidi kuwa kubwa, na ngoma.

Kwa wazee haifanyiki vile vile. Mutoto ao kijana anaweka gulal kwenye miguu ya muzee, na muzee anamupaka kwenye paji la uso na kumubariki. Heshima haiondoke, hata katika fujo ile.

Saa 6 ao saa 8 ya muchana, ngoma zinanyamaza. Watu wanaenda kuoga, na kuoga kwenyewe ni kazi: kuko rangi zenye zinabaki nyuma ya masikio wiki muzima, na siku ya kurudi kazini unajua nani alicheza. Mangaribi wanavaa nguo safi na kutembeleana. Wenye waligombana wanatazamiwa kutembeleana pia, na hilo watu wanalichukua kwa uzito.

Kuhusu chakula, tusipite mbio. Gujiya ni ndugu ya sambusa, lakini tamu: unga umekunjwa kama nusu ya mwezi, ndani kuko maziwa yenye yamepikwa mpaka yakawa mazito, sukari, nazi na njugu za namna mbalimbali, kisha inakaangwa. Wamama wanaanza kuipika siku mbili ao tatu mbele. Kinywaji ni thandai, maziwa baridi yenye yamesagiwa lozi, pilipili manga na viungo vingine. Na hapa muzazi anapaswa kujua: kuko thandai ya kawaida, na kuko yenye wanatia bhang, majani ya bangi yenye yamesagwa. Sheria ya India ya mwaka 1985 juu ya madawa ya kulevya inakataza maua na utomvu wa bangi, lakini haikuhesabu majani, kwa hiyo katika majimbo fulani kama vile Uttar Pradesh na Rajasthan bhang inauzwa katika maduka yenye kibali cha serikali. Ni desturi ya zamani, inahusiana na mungu Shiva. Inalevya polepole, saa moja ao mbili kisha kunywa, na mugeni anakunywa kopo la pili akifikiri kama la kwanza halikufanya kitu.

Krishna, Radha, na fimbo za wamama

Moto uko na hadisi yake, na rangi iko na yake. Krishna, mungu mwenye anapendwa sana kaskazini, alikuwa na ngozi nyeusi yenye inachorwa kama bluu. Akiwa kijana alilalamika kwa mama yake, Yashoda, kama Radha ni mweupe na yeye ni mweusi. Mama akamuambia aende apake uso wa Radha rangi yenye anataka, tofauti itaisha. Krishna akaenda.

Hiyo ilitokea, Wahindu wanasema, katika eneo la Braj, kusini ya Delhi: Mathura, Vrindavan, Barsana, Nandgaon. Fasi zingine Holi ni siku mbili, lakini Braj inacheza siku nyingi. Barsana inahesabiwa kuwa kijiji cha Radha, na Nandgaon cha Krishna. Siku chache mbele ya Holi yenyewe, wanaume wa Nandgaon wanaenda Barsana kuchokoza, na wanamuke wa Barsana wanawapokea kwa fimbo ndefu. Wanapiga kweli. Mwanaume anapiga magoti na kujifunika kichwa na ngao, haruhusiwi kurudisha. Siku yenye inafuata, wanaume wa Barsana wanaenda Nandgaon kupigwa nao.

Katika jimbo la Haryana ni utani wa bashemeki: bibi ya kaka anamupiga mudogo wa bwana yake na kitambaa chenye kimesokotwa kama kamba. Kwetu utani wa shemeki unajulikana, kwa hiyo msomaji hatashangaa.

India ni kubwa, na Holi inabadilika ukitembea. Huko Bengal ni sikukuu ya Krishna na Radha kwenye bembea. Na kule Shantiniketan, kwenye masomo yenye mushairi Rabindranath Tagore alianzisha, wanafunzi wanavaa njano na kuimba. Masikh wa Punjab wanafanya Hola Mohalla, yenye Guru Gobind Singh alianzisha mwaka 1701, siku ya maonyesho ya farasi na ya kupigana kwa panga. Kusini inachezwa kidogo tu. Na imevuka bahari: kisha Waingereza kukomesha utumwa mwaka 1834, walipeleka vibarua Wahindi kwa mikataba kwenye mashamba ya miwa, na Waholanzi nao wakawachukua kwa ajili ya Suriname. Mpaka leo Guyana na Suriname Holi ni siku ya mapumziko ya inchi, inaitwa Phagwa. Karibu na sisi, jamii za Wahindu za Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala wanaicheza katika viwanja vya mahekalu yao.

Rangi inatoka wapi

Zamani rangi ilitoka porini na jikoni. Muti mumoja, palash, unachanua wakati huo huo maua mekundu kama moto. Wanayachemusha ao kuyaloweka usiku, na mayi yanakuwa ya machungwa. Manjano ilitoa rangi ya njano, na majani ya hina ya kijani. Siku hizi poda nyingi za soko zinatoka kiwandani, na zile za bei ya chini kabisa ziko na rangi zenye hazikutengenezwa kwa ngozi ya mutu. Wapimaji wamekuta ndani madini kama vile risasi. Kila mwaka, siku zenye zinafuata Holi, madaktari wa macho na wa ngozi wanapokea wagonjwa. Kwa hiyo sasa kuko tena watu wenye wanauza gulal ya unga wa mahindi na maua, na inauzwa bei kupita ile ingine, jambo lenye linaonyesha nani anaweza kucheza bila kuumia.

"Usikasirike, ni Holi"

Maneno yenye yanasikika sana siku hiyo kwa Kihindi maana yake ni hiyo: usikasirike, ni Holi. Kwa saa chache, chenye kinakatazwa mwaka muzima kinaruhusiwa. Mwanafunzi wa jamii kutoka Marekani, McKim Marriott, alikaa katika kijiji kimoja cha Uttar Pradesh miaka ya 1950, na mwaka 1966 akachapisha chenye aliona. Wenye walikuwa wanapigwa fimbo kwenye miguu, wakicheka, walikuwa wenye mashamba, matajiri wa tabaka za juu. Wenye walikuwa wanapiga ni mabibi wa vibarua wao. Kesho yake, kila mutu alirudi fasi yake. Wengine wanasema hiyo ni dawa ya kijiji, hasira inatoka kidogo kusudi isilipuke. Mimi naona tu kama kibarua alirudi shambani, na shamba halikubadilisha mwenyewe.

Na maneno yale yanaweza kuwa kifuniko. Wanamuke wa India, zaidi sana wanafunzi wa vyuo vya Delhi, wamelalamika wazi juu ya wanaume wenye wanawashika mwili kwa nguvu na kusema ni Holi, ao juu ya vifuko vya mayi vyenye vinatupwa kwa wasichana njiani siku nyingi mbele ya feti. Sheria haina siku ya likizo. Siku hizi polisi wanatangaza mbele ya Holi kama kupaka mutu rangi bila yeye kukubali kunaweza kumufikisha mutu kwenye kituo, na makundi ya wanamuke wanakumbusha jambo rahisi: unauliza kwanza.

Kuko pia swali la jirani wa dini ingine. Watawala Waislamu wa ukoo wa Mughal, wenye waliongoza India kwa muda murefu, walicheza Holi katika majumba yao, na michoro ya wakati ule inaonyesha. Katika mitaa mingi Mwislamu na Muhindu bado wanapakana rangi. Lakini tarehe 14 mwezi wa 3 mwaka 2025, Holi iliangukia siku ya Ijumaa, ndani ya Ramadani. Katika miji kama vile Sambhal na Shahjahanpur, huko Uttar Pradesh, misikiti yenye ilikuwa kwenye njia za maandamano ilifunikwa na hema za plastiki kusudi isipakwe rangi, na saa ya sala ya Ijumaa ikasogezwa nyuma fasi fasi. Wengine walisema ni hekima, siku ikapita salama. Wengine walisema kama nyumba ya jirani inapaswa kufunikwa kusudi mimi nifurahi, kuko kitu chenye kimeharibika. Wakaaji wa inchi yetu wanaweza kupima wenyewe.

Wajane wa Vrindavan

Sasa turudi kwa wale wenye walikatazwa. Katika desturi ya zamani ya familia nyingi za Wahindu, zaidi sana za tabaka za juu, mwanamuke mwenye bwana yake amekufa anatoka katika rangi. Anavaa sari nyeupe mpaka kifo. Anavua bangili, anafuta alama nyekundu ya ndoa kwenye nywele, haalikwi kwenye arusi sababu wanasema analeta bahati mbaya. Na Holi, feti yenye hata kibarua anapaka tajiri, haikuwa yake. Sheria ya kumuruhusu mujane Muhindu kuolewa tena ilitoka tangu mwaka 1856, lakini karatasi ya sheria na macho ya wakwe ni vitu viwili. Hapa kwetu hakuna lazima ya kueleza sana: tunajua mujane mwenye analaumiwa kifo cha bwana, na mwenye ndugu za bwana wanamutoa katika nyumba mbele hata matanga haijaisha.

Wengi wao walienda Vrindavan, muji wa Krishna, wengi wakitoka mbali kule Bengal. Wengine walienda kwa imani, kufia fasi takatifu. Wengine waliletwa na watoto wao na kuachwa. Ni maelfu. Walikuwa wanaimba nyimbo za Krishna kwa saa nyingi katika mahekalu, wakilipwa mchele kidogo na makuta kidogo, na wengine waliomba njiani. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya India iliangalia hali yao, na shirika la Sulabh International, lenye lilijulikana kwa kujenga vyoo vya watu wote, likaitwa kusaidia. Bindeshwar Pathak, mwenye alianzisha Sulabh, akapanga wapewe makuta kila mwezi, matunzo, na mafunzo ya kusoma. Mwaka 2013 akafanya jambo lenye lilishangaza kupita yale yote: akawaalika kucheza Holi.

Walicheza katika uwanja wa nyumba yenye walikuwa wanaishi, kwa gulal na kwa maua mengi yenye yamekatwakatwa. Wamama wa miaka 70 na 80, sari nyeupe, mikono imejaa poda ya waridi. Picha zilitembea dunia muzima. Kuko wenye walikasirika, wakasema desturi inachezewa mbele ya wapiga picha. Kuko pia wenye waliuliza kama siku moja ya rangi inabadilisha nini kwa mutu mwenye familia yake haimupigie hata simu. Ni swali la haki. Lakini mwaka 2016 feti ilitoka katika uwanja wa nyumba zao na kuingia ndani ya hekalu la zamani la Gopinath, kule kule Vrindavan, mbele ya makuhani, fasi yenye zamani mujane angeogopa hata kusimama karibu na rangi. Pathak alikufa mwaka 2023. Wajane wameendelea kukutana pale, siku chache mbele ya Holi ya watu wote.